Mjomba, CV yangu imefika kampuni moja kwa milango mitatu, na mshahara niliotaja sio wa kweli

Mjomba shikamoo,

Mimi ni dada wa miaka 32, naishi Tabata hapa Dar, nimeolewa na nina mtoto mmoja yuko chekechea. Naomba jina langu lisitoke maana ofisini kwetu kuna watu wanakusoma. Nimesomea manunuzi na ugavi, nina digrii, na niko kiwanda kimoja Barabara ya Nyerere mwaka wa sita huu kama afisa manunuzi. Bosi wangu hana shida kabisa, shida ni mshahara, tangu 2021 haujapanda, ni laki tisa na nusu kabla ya makato, na Bodi ya Mikopo bado wananikata, kwa hiyo unaweza kuona kinachobaki.

Mwishoni mwa Januari kaka mmoja wakala wa ajira alinitafuta LinkedIn, tukabadilishana namba akanipigia. Anaongea vizuri sana. Akasema ana mteja wake anatafuta mtu wa manunuzi, kampuni kubwa ya maghala na usafirishaji ipo Kurasini, jina hakunitajia. Nikamtumia CV. Akaniuliza sasa hivi unalipwa ngapi, na mi rafiki yangu alishanifundisha siku nyingi kwamba ukiulizwa hivo panda juu kwa sababu wanaongeza kidogo tu juu ya unachopata, bhasi nikasema milioni moja na laki nne. Ilinitoka tu mjomba, na yeye akaandika.

Wiki iliyofuata dada mwingine wa wakala tofauti akanitafuta WhatsApp, yeye akataja kampuni moja kwa moja, nikamjibu kwa voisi noti "poa dada, tuma tu". Akasema CV yangu imepooza ataichangamsha kidogo, nikasema sawa. Baada ya hapo nikaona tangazo la hiyo kampuni ya yule dada kwenye tovuti yao, nikajaza fomu mwenyewe, nikiamini milango ikiwa mingi nafasi inaongezeka. Sikujua kwamba na yule kaka anaongelea kampuni hiyo hiyo, nimekuja kujua siku ananiambia nimeitwa intavyuu.

Intavyuu ya kwanza ilienda vizuri. Ya pili, wiki iliyopita, nimekaa mbele ya watu watatu, mama wa HR akafungua faili akaweka mezani CV mbili, zote jina langu na picha yangu, moja imeandikwa Afisa Manunuzi, nyingine Meneja Manunuzi na Ugavi, na hiyo ya meneja ina mistari ya kuongoza timu ya watu 8 ambao mimi sijawahi kuwaongoza. Akaniuliza kwa upole tu, "dada, tukuchukulie wewe ni yupi kati ya hawa?" Jasho lilishuka mgongoni na kiyoyozi kinapuliza. Nikasema mimi ni afisa, hiyo nyingine sijaiandika mimi na ndo naiona leo. Wakaangaliana, wakaendelea na maswali ya tenda na wazabuni. Nikatoka pale najua imeisha.

Ajabu jioni yule kaka akanipigia anasema wamenipenda, wanafikiria milioni 1.7, ila wanataka slipu za mshahara za miezi mitatu, na akanisisitiza niandike notisi Jumatatu hii kwa sababu mteja anataka mtu haraka, "hiyo kazi ni yako hiyo". Barua ya ofa sijaiona. Kesho yake HR wakatuma imeli wanauliza ni nani hasa ananiwakilisha kwao, wamepata jina langu sehemu tatu, nijibu kabla ya Ijumaa. Yule dada nae sijui kajuaje, kanitumia meseji ndefu kwamba nimemgeuka, kampuni ile ni mteja wake, na kama nataka aendelee na faili langu nilipe 150,000 ya usajili.

Rafiki yangu yule yule anasema ana kijana Kariakoo anatengeneza slipu inatoka kama ya ofisini na kila mtu anafanya. Mume wangu anasema niseme ukweli hata nikikosa. Mi naona nikisema ukweli wakala wangu atanichukia, kampuni itaniona muongo kwa mara ya pili baada ya mambo ya CV, na nafasi ya namna hii haiji kila siku. Nisiposema naingia kazini na uongo kwapani. Mama yangu yuko Moshi anatumia dawa za presha, ile nyongeza nilishaipangia. Usiku sipati usingizi mjomba. Nifanyeje?

Dada wa Tabata

*

Marahaba mpwa wangu. Barua yako nimeitoa kwenye foleni nikaiweka mbele kwa sababu ya hiyo Ijumaa. Nilikaa upande wa HR miaka mingi, kwa hiyo mengi uliyoandika nayajua kutoka upande wa pili wa ile meza, na nitakuonyesha yanavyoonekana kutokea huko, halafu uamuzi utabaki wako na mwenzio nyumbani.

Kwanza nikurudishie nilivyokuelewa, unisahihishe nikikosea. Unataka kutoka ulipo kwa sababu ya mshahara, sio kwa sababu ya watu. Umepata nafasi ambayo inaelekea kuwa nzuri, ila imefika kwako na mafundo matatu kwa pamoja: namba ya mshahara ambayo sio yako, jina lako kufika kwa mwajiri kwa njia tatu zikiwa na CV zisizofanana, na shinikizo la kuandika notisi kabla hujashika barua. Kichwani kwako yote yamekuwa kitu kimoja kinaitwa "nikisema ukweli nakosa kazi". Mi naona ni mambo tofauti, kila moja lina uzito wake na mlango wake wa kutokea.

Na kuna kitu umekipita haraka sana. Umeandika kwamba ulipotoka intavyuu ya pili ulijua imeisha, halafu mstari unaofuata unasema wanakuongelea kwa milioni 1.7. Hebu kaa hapo kidogo. Mama wa HR alikuwekea karatasi mbili mezani, ukasema mimi ni yule mdogo. Ungeweza kusema zote zangu, au kujiuma uma, watu wengi wanafanya hivyo pale. Kwa kazi ya manunuzi, ambayo mtu anashika tenda na pesa za kampuni na wazabuni wanamzunguka kila siku, lile jibu lako linaweza kuwa ndo limekubakiza mezani. Kwa hiyo hofu yako kwamba hawa watu wakisikia ukweli watakufukuza ipime upya, kwa sababu ukweli mmoja mgumu wameshausikia kutoka kwako na bado wanakutafuta.

Sasa neno lako "wakala wangu". Nakuelewa, kaka anaongea vizuri, anakupigia yeye, anakwambia kazi ni yako. Ila mpwa wangu, dalali wa nyumba unamlipa wewe mpangaji, huyu wa ajira analipwa na mwenye nyumba. Anayempa hela ni kampuni, kwa kawaida kiasi fulani kinachopigwa kwenye mshahara wa mtu aliyeajiriwa, na mara nyingi halipwi kitu mpaka mtu aanze kazi. Hiyo haimfanyi kuwa mtu mbaya. Inakueleza tu kwa nini anataka uandike notisi Jumatatu, kwa nini hakukutajia jina la kampuni mwanzoni, anaogopa usimruke ukaenda mwenyewe, na ndo kilichotokea bila wewe kujua, na kwa nini yule dada kakasirika hivyo. Ukisoma meseji yake tena utaona ugomvi wake ni wa kamisheni, tabia yako kaitaja tu kwa hasira, kwa hiyo usiubebe moyoni kama vile umemdhulumu mtu.

Kuna upande mwingine wa malipo hayo ambao watafuta kazi wengi hawaujui. Mikataba mingi ya mawakala na makampuni ina kipengele kwamba mtu akiondoka au akiondolewa ndani ya miezi ya mwanzo, wakala anamtafuta mwingine bure au anarudisha hela. Maana yake yule kaka anataka uajiriwe haraka, ndiyo, lakini pia hataki kabisa ulipuke mwezi wa tatu wa kazi. Slipu ya Kariakoo ikigundulika anaharibikiwa na yeye, na mteja anampoteza. Kwa hiyo ile hofu ya "atanichukia" hebu iangalie kwa jicho hilo. Anaweza kukasirika, sikatai, anaweza hata kukuacha, hilo lipo. Lakini katika watu wote kwenye hii habari yeye ndo mwenye sababu kubwa ya kulirekebisha kimya kimya kabla halijawa kubwa, maana kazi yote ameshaifanya na hela hajapata.

Tuje kwenye namba yenyewe. Hizi hesabu nimezifanya nikichukulia yote ni mshahara wa msingi bila posho. Laki tisa na nusu, toa NSSF asilimia 10, toa kodi ya PAYE, toa Bodi ya Mikopo asilimia 15, mkononi inabaki kama 620,750. Ile milioni 1.4 uliyoitaja ingekuachia 844,000. Hii 1.7 wanayoisema, baada ya NSSF 170,000, kodi 287,000 na mkopo 255,000, inakuachia 988,000. Kwa hiyo nyongeza halisi ya maisha yako ni kama laki tatu na elfu sitini na saba kwa mwezi. Sio haba, dawa za mama zinapatikana humo. Lakini kwenye karatasi ulikuwa unaona laki saba na nusu, na nina wasiwasi hizo ndo ulizozipangia. Halafu umeuliza kama kuna bima ya afya ya familia? Chakula cha mchana? Usafiri? Huko kiwandani kama mnakula na mnapandishwa basi la kampuni, na Kurasini unajitegemea toka Tabata asubuhi na jioni, ile laki tatu na ushee inapungua kabla haijafika nyumbani. Hayo maswali unamuuliza wakala, yeye ndo mwenye mdomo wa kuyauliza bila wewe kuonekana mtu wa masharti.

Rafiki yako anasema kila mtu anafanya. Simshambulii, anakutakia mema kwa namna anavyojua, na kwenye jambo moja yuko sahihi kabisa, kwamba makampuni mengi yanapenda kukuongezea kidogo juu ya unachopata badala ya kukulipa kazi inavyostahili, na huo sio uungwana. Ila slipu ya kutengeneza ni kitu kingine kabisa. Kutaja namba kwenye simu ni uongo unaoweza kuusahihisha kwa sentensi moja. Kutengeneza hati ni kughushi, ni kosa la jinai kwenye Kanuni ya Adhabu, na haliishi siku unaajiriwa, linakaa kwenye faili lako linakusubiri. Na kulikamata ni rahisi kuliko mnavyodhani huko Kariakoo. Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ukijumlisha wa kwako na wa mwajiri, kwa mshahara wako ni 190,000 kila mwezi. HR akikwambia tu tuletee taarifa yako ya michango, anaangalia 190,000 anazidisha mara tano, kashapata laki tisa na nusu yako, hahitaji kumpigia mtu simu. Kuna makampuni hayaangalii, ni kweli. Wewe unaijua hii itaangalia au haitaangalia?

Upande wa mume wako nao nautazama kwa makini, kwa sababu "niseme ukweli hata nikikosa" ni rahisi kusema na ngumu kuishi wakati kodi ya nyumba inasubiri. Ukisema, inawezekana 1.7 ikashuka. Wapo waajiri wanaoshika laki tisa na nusu yako na kukupandishia kidogo tu. Wapo pia ambao nafasi imeshapangiwa kiwango kabla jina lako halijafika, na wewe ukiwa ndani ya kiwango hawajali unatoka wapi. Hujui uko na yupi, na mimi sijui. Ila kusahihisha namba sio lazima kuwe kupiga magoti. Unaweza kumwambia yule kaka kwa simu, halafu umfuatilize kwa maandishi, kitu kama hiki: "Kaka, kabla sijatuma slipu nataka tukae sawa. Mshahara wangu wa sasa ni 950,000 kabla ya makato, ile 1,400,000 niliyokutajia mwanzo haikuwa sahihi. Ninachotarajia kwa nafasi hii, kwa uzoefu wangu na majukumu yaliyotajwa kwenye intavyuu, ni kiasi hiki. Naomba tuongee namna ya kuliwasilisha kwa mteja." Hapo utakuwa umetenganisha vitu viwili ambavyo watu wengi wanavichanganya, unacholipwa leo na unachoomba kulipwa. Hicho cha pili una haki ya kukisimamia hata kama cha kwanza ni kidogo. Na siku nyingine ukiulizwa unalipwa ngapi, jibu na matarajio yako kwanza, wengi hawarudii swali.

Njia nyingine ni kukataa slipu kwa heshima, kusema mkataba wako wa sasa unakubana kutoa taarifa za mshahara. Wengine wanafanya na inapita. Kwako naiona ngumu kidogo kwa sababu namba ya uongo imeshatangulia, ukikataa slipu sasa hivi inaonekana ndo sababu. Au unaweza kujitoa kabisa kwenye hii nafasi, ukaanza upya kwingine ukiwa msafi. Hilo nalo ni chaguo halali, japo sijui kama moyo wako umechoka kiasi hicho au ni usingizi tu umekosa.

Habari ya imeli ya HR. Wewe umeisoma kama mtego. Mi nakuhakikishia kwa sehemu kubwa ni hesabu zao za ndani. Wakala wa kwanza kukutambulisha kwa ridhaa yako ndo kwa kawaida anadai malipo, wakala wa pili akidai nae kampuni inajikuta na ankara mbili za mtu mmoja, na mtu akiwa ameomba mwenyewe pia wanaweza kusema hatumlipi yeyote. Makampuni mengine yakiona mvutano huo yanamuweka mtu pembeni yanachukua mwingine asiye na kesi, na hii ndo hasara ya kupitia milango mingi, wengi wanaipata bila kujua kwa nini simu zimekata. Wewe bado wanakuuliza. Kwa hiyo sidhani kama unatakiwa kuchagua unayempenda. Fungua WhatsApp, fungua imeli, tafuta tarehe: lini ulimtumia kaka CV, lini ile voisi noti kwa dada, lini ulijaza fomu. Piga skrini shoti uziweke. Waandikie HR mpangilio huo kama ulivyo, mistari minne mitano, ueleze kwamba wakala wa kwanza hakukutajia jina la kampuni ndo maana ikawa hivyo, na useme CV iliyo sahihi ni ipi, uiambatanishe. Hatari yake ni kwamba tarehe zinaweza kumuangukia mmoja wao vibaya na akanuna. Hatari ya kumtaja mmoja tu ni kwamba mwingine ana voisi noti yako.

Maana yule dada, tumtendee haki, ruhusa ya kutuma ulimpa. "Tuma tu" ni ruhusa. Hata kuichangamsha CV ulimkubalia. Ambacho hukumpa ni cheo cha umeneja na watu 8. Mawakala kupanga CV upya ni kawaida, wanaweka nembo yao, wanabadilisha mpangilio, ila nakala ya mwisho unatakiwa uione kabla haijatoka, na kama hawakuonyeshi unaiomba. Unaweza kumuandikia kwa utulivu tu asahihishe au afute hiyo CV na asiitume popote tena bila idhini yako. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika 2023, na ina Tume yake, kwa hiyo hilo unaloomba lina mgongo.

Na 150,000 yake, mpwa wangu, hapa naomba usikilize vizuri kuliko kote. Kwa Sheria ya Huduma za Ajira ya 1999 na kanuni za mawakala binafsi za 2014, wakala anatakiwa awe na leseni, na mzigo wa gharama ni wa mwajiri, mtafuta kazi hatozwi. Hata mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa 1997 kuhusu mawakala wa ajira msingi wake ni huo. Faili lako kwake halina kitu cha kusajiliwa, kampuni umeshaingia intavyuu mbili. Ukitaka kujua kama ana leseni waulize TaESA, wale wa huduma za ajira za serikali, au ofisi ya Kamishna wa Kazi, ni bure kuuliza. Sisemi ni tapeli, inawezekana amekasirika tu akatafuta pa kufidia. Ila watu wanaolipa hiyo ya usajili huwa wanaombwa tena ya "vipimo", halafu ya "fomu", na barua zenu za namna hiyo ninazo nyingi, zinaniumiza.

Notisi. Kaka amekwambia Jumatatu. Kwa sheria yetu ya ajira mtu anayelipwa kwa mwezi notisi yake haipungui siku 28, na mkataba wako huenda unasema mwezi, uangalie leo. Mwajiri yeyote anayemchukua mtu aliye kazini anajua kuna huo muda, ameshauhesabu. "Hiyo kazi ni yako" ni maneno ya simu. Barua ya ofa iliyosainiwa, yenye mshahara, tarehe ya kuanza na muda wa majaribio, ni kitu kingine. Na ukumbuke hili: kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi 6 hana ule ulinzi dhidi ya kuachishwa isivyo haki ambao wewe huko kiwandani unao baada ya miaka yote hii. Sikuambii ubaki. Nataka tu ujue unaacha nini mezani unapoondoka, na kwa nini slipu ya kughushi ikiibuka mwezi wa nne wa kazi utakuwa huna hata pa kushika.

Ungemwambia kaka kwamba siku barua ya ofa ikifika na ukaisaini, notisi unaandika siku hiyo hiyo, angejibuje? Mteja mwenye nia ya kweli barua haimchukui mwezi.

Halafu kuna swali hukuliandika kabisa. Kwenye CV umemuweka nani wa kukuthibitisha? Kama ni bosi wako huyo ambaye hana shida, ujue hatua ya slipu na hatua ya kupigia watu simu huwa zinafuatana, na asije akasikia kutoka Kurasini kabla yako. Mwambie kaka asipigiwe mtu yeyote wa kiwandani mpaka ofa iwe mkononi, hilo ni ombi la kawaida sana na hawalikatai. Na huyo bosi, tangu 2021 umewahi kukaa nae ukamwambia namba unayoitaka? Nauliza kwa sababu barua yako yote haina sehemu hiyo. Inawezekana uliomba ukanyimwa ukachoka. Inawezekana hujawahi. Wapo watu wakishika ofa wanapandishiwa pale pale, ila nyongeza ya kushikiwa ofa kichwani ina ladha yake, wengine baada ya miezi wanajikuta wamehesabiwa kama mtu wa kuondoka, na wakala aliyeachwa kwenye mataa hapigi simu mara ya pili. Ukiomba kabla ya ofa ni mazungumzo mengine.

Ukiniuliza mpangilio wa wiki, mi ningemtafuta kaka kwanza kuhusu mshahara, kwa simu, kabla ya kuwajibu HR, ili wasije wakasikia habari mbili tofauti siku moja na yeye asijisikie amerukwa mara ya pili. Lakini unaweza ukaona bora uwaandikie HR moja kwa moja ukampa nakala, hasa kama unahisi kaka atakuomba unyamaze. Akikwambia "wewe tuma tu slipu yoyote, nitaimaliza", hapo utakuwa umejua kitu kikubwa kuhusu yeye, na utaamua.

Zungumza na mume wako hizo hesabu za mkononi, sio zile za kwenye karatasi. Msalimie sana, na mama huko Moshi. Na niandikie wakishakujibu, hata kama ni majibu usiyoyapenda, nitakusoma.

Mjomba